Bunduki ya Michezo

Kwa miaka kumi na miwili Ekaale alikuwa mtu wa kibandani. Kila Jumamosi ya pili, watu wa Nanyuki na Nairobi walikusanyika kwenye shamba kubwa upande wa Leparua kulenga visahani vya udongo, naye alikaa ndani ya kibanda cha mawe na mashine ya kurusha. Mtu akipaza sauti, "Vuta!", Ekaale anaifyatua mashine, kisahani kinapaa, bunduki inalia, vigae vinamwagika nyasini. Jioni anaviokota.

Kupitia kidirisha cha kibanda alijua nani atakosa kabla hajapiga. Yule ambaye kitako cha bunduki yake ni kirefu kitamkwama kwapani. Yule anayesimamisha bunduki ili alenge vizuri, kisahani kitamwacha. Akiombwa ushauri alisema kwa adabu, "Usiisimamishe bunduki, mheshimiwa. Kifuate tu kisahani, na hata ukishapiga endelea kukifuata." Walimshukuru. Miaka yote hiyo hakuna aliyefikiri kumpa bunduki mkononi.

Mgongo ulipoanza kumsumbua aliomba kupumzika. Warigia, katibu wa chama cha walengaji, akamuuliza angependa apewe nini kama kiinua mgongo. Ekaale akajibu kabla haya haijamziba mdomo.

"Madam, nataka yangu. Ya visahani."

Warigia hakucheka. Alimwambia kuna wanachama watatu wanaoachana na bunduki zao za marisau. Achague moja, chama kitaigharamia. Kibali ataomba mwenyewe kama sheria inavyotaka, na bunduki itakaa ndani ya sefu ya chama, haitatoka shambani.

Siku ya kuchagua zilipangwa juu ya blanketi. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, na Warigia aliipendekeza kwa ajili ya mgongo wake. Ekaale akaifungua, akahakikisha haina kitu, akafumba macho, akaipandisha begani, akafumbua. "Nyepesi inapiga bega kama punda," alisema, akairudisha. Ya pili, yenye mitutu miwili iliyolala sambamba, ilikuwa fupi mno, pua ya Ekaale ikagusana na kidole gumba chake. Ya tatu ilikuwa na mtutu mmoja juu ya mwingine, mirefu, na kitako kilichokwaruzika. Alipofumbua macho, jicho lilipita moja kwa moja juu ya mtutu hadi kwenye shanga ndogo ya kulengea iliyo nchani. Uzito wake wa mbele ulivuta mikono iendelee kutembea.

"Ijaribu," Warigia akasema, akaingia yeye kibandani.

Ekaale alikosa visahani vinne mfululizo. Zamani aliwahi kuwa askari wa akiba, amepewa bunduki ya serikali alinde mifugo ya kijiji, na mikono yake ilikumbuka kulala kifudifudi na kungoja kitu kisimame.

"Mzee Ekaale! Umeisimamisha!" Warigia alipiga kelele kidirishani. "Si ndiyo hiyo unatukataza kila siku?"

"Kumbe kusema ni rahisi, madam!" Ekaale akacheka mpaka akaishusha bunduki.

Kisahani cha tano alikifuata, akapiga, akaendelea kukifuata. Kikapasuka na kuwa moshi. Alisimama akitazama vumbi lile likishuka. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichowahi kukipiga ambacho hakuna mtu angekililia.

"Hii," akasema.

Ombi la kibali lilihitaji barua ya chifu. Jumatatu alikwenda ofisini, kule kwao Ngare Mara, akakuta benchi limejaa. Karani akamsomea fomu kwa sauti, kama kawaida yake.

"Sababu ya kuomba bunduki?"

"Michezo."

"Nini?"

"Michezo. Kulenga visahani."

Benchi zima likaangua kicheko. "Mzee anataka kucheza na bunduki!" mmoja akasema. "Cheza na wajukuu!" Karani akaandika, akagonga muhuri.

Lakini huko nje hakuna aliyecheka. Miaka miwili nyuma, mwanawe Ekaale, Ekai, aliuawa Gotu akichunga, na mbuzi wote aliokuwa nao siku hiyo wakachukuliwa. Waliofanya hivyo hawakujulikana. Ekaale hakumshuku mtu kwa sauti, wala hakuomba kisasi. Sasa mtu aliyeuliwa mtoto ameonekana akitafuta bunduki, na kijiji kizima kilijua maana yake kuliko yeye mwenyewe.

Jioni ile vijana wawili wa bodaboda walimsimamisha njiani.

"Mzee, tumeskia. Siku ikifika usituache."

"Siku gani?"

Wakatazamana, wakatabasamu. Mmoja akampa mkono kwa mikono miwili, kama anayempongeza mtu aliyekawia lakini mwishowe amefanya la kiume.

Nyumbani, mkewe Akiru alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Leo nimeulizwa kisimani kama umepata jina."

"Jina la nani?"

"La aliyemuua Ekai."

Ekaale akaketi. Akamweleza yote: kibanda, bunduki tatu, kisahani cha tano. Akiru alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nakuamini," akasema. "Lakini niko mmoja."

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, alikuja Kanchoro. Huyu alikuwa Mborana wa upande wa pili wa mto, upande ambao kijiji cha Ekaale kiliulaumu kimoyomoyo, lakini rafiki wa Ekaale tangu siku zao za uaskari wa akiba. Ndiye aliyemkuta Ekai kwanza, akamfunika kwa shuka yake, akakaa naye juani hadi baba yake alipofika. Siku zote aliingia bila kuita. Siku hiyo alisimama nje ya ua wa miiba.

"Ekaale. Nimesikia unanunua."

"Ingia ndani, bwana. Mlangoni unasimama kama polisi?"

Kanchoro hakuingia. "Ni ya kumpiga nani?"

"Ya udongo! Visahani, hivi." Ekaale akaonyesha kwa viganja. "Vinarushwa juu, unavipasua, basi. Unaenda nyumbani."

"Halafu mnakula nini?"

"Hatuli kitu."

Kanchoro akatabasamu kwa shida. "Hiyo kazi ya watu walioshiba." Kisha tabasamu likaondoka. "Mimi nimekujua miaka mingi, nikikutazama naona ni kweli. Lakini vijana wangu hawajaona kibanda chako. Wanajua ulifiwa na sasa unataka bunduki. Jana wameanza na wao kutafuta. Nimewaambia tuhame kabla hawajapata. Kesho tunaenda Sericho."

"Sericho hakuna maji, Kanchoro!"

"Najua."

Usiku huo Ekaale alikaa nje ya nyumba na hasira yake. Pale Leparua aliwahi kumwona mtu akishusha bunduki nne kutoka gari moja, akizipangusa kwa kitambaa laini kama watoto waliotoka kuoga, na hakuna aliyemuuliza ni za kumpiga nani. Mtu yule aliruhusiwa kuwa na mchezo. Mtu wa Ngare Mara akitaka kitu hicho hicho, lazima kiwe na maiti mwishoni. Nani aliamua hivyo? Aliwaza vijana wa Kanchoro, rika la Ekai, wakihangaika kutafuta silaha kwa sababu yake.

Kulipokucha alikwenda kwa chifu. Akaweka barua mezani mbele ya benchi lililojaa.

"Naifuta," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Sina bunduki, sitaki bunduki, na sina jina la mtu."

Hakuna aliyecheka.

Warigia ndiye aliyekasirika. "Mzee, sheria iko upande wako! Hukukosa lolote!"

"Sheria haiendi kuchunga mbuzi Gotu, madam."

Chama kikampa tangi la maji badala yake, na akashukuru.

Kanchoro alikuwa ameshaondoka. Ilipita wiki nzima ndipo simu yake ikapatikana, na upepo wa Sericho ukivuma ndani yake.

"Nimerudisha ile barua," Ekaale akasema.

Kanchoro akauliza, "Ulikuwa unaitaka kweli? Hiyo ya udongo?"

"Kweli."

"Basi nimekukosea, ndugu yangu."

"Hujanikosea. Rudini."

"Ng'ombe hawana nguvu ya kurudi. Kumi na mmoja wameanguka njiani. Tungoje mvua."

Mvua ya msimu ule haikunyesha, wala ya msimu uliofuata. Gotu maji ya mto yalizama chini ya mchanga, watu wakachimba visima na kugawana zamu kwa orodha ya ukame uliopita. Jumanne asubuhi ilikuwa zamu ya nyumba ya Kanchoro, na ingawa walikuwa bado Sericho, hakuna aliyeigusa orodha. Kila Jumanne Ekaale alifika mapema na mbuzi wachache aliobaki nao. Aliwazuia chini ya migunga, wakilia kwa kiu mbele ya kisima kisicho na mtu, mpaka saa za Kanchoro zilipokwisha, ndipo akawaachia wanywe.