Kidole Kisichouma

Nauza barafu Kalangalala, mjini Geita. Siyo ya kupozea samaki; hizi za ubuyu na ukwaju, za kwenye vifuko, wanazonyonya wanafunzi na vijana wa bodaboda jua likichachamaa. Wateja wakipungua naketi juu ya friza, nafungua simu, natazama watu wanaoishi Ncha ya Kusini ya dunia. Shule niliishia kidato cha pili, lakini maneno ya kule nimeyashika: dhoruba ya theluji, upofu wa theluji, siwa barafu, yaani mlima wa barafu unaoelea baharini. Nayasema peke yangu, nasikia raha tu.

"Wewe dada, mvua ikinyesha tu unavaa masweta mawili," mteja wangu mmoja, mchimbaji, hunitania. "Huko utafika salama?"

"Nitafika. Na wewe nitakuletea theluji kwenye chupa ya chai."

Jambo moja la kule lilinikaa. Kidole kikipigwa na baridi, kwanza kinauma sana. Halafu kinaacha. Mtu anashukuru, anaendelea na safari, kumbe hapo ndipo kidole kinakufa, na baadaye kinageuka cheusi kama mkaa. Niliziona picha, nikalala vibaya.

Mwaka huu mvua zilipoanza nilikwenda kumsalimia babu yangu aliyenilea, kijijini upande wa Shinyanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umemletea nini mumeo kutoka kwenye dhahabu?"

"Sukari na majani ya chai."

"Na dhahabu yenyewe?"

"Bado iko chini ya ardhi, mume wangu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanipa habari ya nyumbani: mtamba wake mwekundu amekufa. Siku tano nyuma, asubuhi alikwenda malishoni mzima, mchana akaanguka. Kwetu ng'ombe akianguka hivyo hazikwi. Anachunwa, nyama inagawanywa, kila nyumba ya jirani inapata fungu lake, kwa sababu leo kimemkuta huyu, kesho kitamkuta yule. Ukimfukia na nyama yake yote utaonekana una roho mbaya. Babu alichuna mwenyewe, akagawa mwenyewe.

"Ila damu yake ilikuwa ya ajabu," alisema. "Nyeusi, na haikutaka kuganda."

Ndipo nikakiona kidole chake cha shahada. Kilikuwa na kidonda, katikati cheusi tii, pembeni kimevimba na kuzungukwa na vilengelenge.

"Babu, hiki nini?"

"Kijipu. Kilikuwa kinawasha, sasa kimetulia. Bonyeza uone. Bonyeza! Hakiumi."

Nikabonyeza. Hakushtuka hata kidogo, akabaki ananitazama kwa ushindi, kama mtoto aliyekunywa dawa chungu bila kulia.

Nilishindwa kukaa. Nilitoka kuchota maji wakati mtungi ulikuwa umejaa. Nikarudi, nikamenya viazi, nikakitazama kidole, nikatoka tena. Uani kwa jirani, mama mmoja anayeishi na mtoto wake mdogo, nyama ya yule mtamba ilikuwa imetundikwa kwenye kamba inakauka. Redioni nilishawahi kusikia habari za kimeta, ugonjwa wa ng'ombe unaoruka kwa watu, lakini nilisikiliza juujuu. Sikuwa na uhakika na lolote. Kilichonisumbua ni lile neno lake, hakiumi.

"Babu, twende zahanati."

"Kwa kijipu? Wanicheke?"

"Wakikucheka, nami nitacheka nao. Twende."

Alikificha kidole ndani ya kiganja.

"Mayu," alisema. Hivyo ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, na mjukuu wa kike anayependwa. "Wakisema ni ugonjwa, aliyegawa ni mimi. Nitakuwa nimewalisha watu kifo kwa mkono wangu."

Kumbe alishafika huko kabla yangu. Roho iliniuma, nikataka nimwache tu.

"Chako kiko kidoleni, tunakiona," nikamwambia. "Cha tumboni mwa yule mtoto wa jirani atakiona nani?"

Aliingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani.

Mganga wa zahanati alikitazama kidonda, akauliza swali moja tu: "Mzee, umechuna mnyama?" Babu akasimulia yote. Mganga akasema dalili zote ni za kimeta, akampa dawa, akampigia simu bwana mifugo. Nyama iliyobaki isiliwe, wala mbwa wasitupiwe. Waliokula wote waje.

"Nitamtuma mtu akawatangazie," alisema.

"Hapana," babu akajibu. "Niligawa mwenyewe, nitakwenda mwenyewe."

Tulianzia kwa yule mama jirani, babu akamwomba nyama aliyompa.

"Baba, umekuja kuchukua ulichonipa? Zawadi gani hizi zinazorudi kwao?" alisema huku anacheka.

"Nachukua, mayu. Ng'ombe alikuwa na kimeta."

Kicheko kikamkauka. Aligeuka akamtazama mtoto aliyekuwa mlangoni anachezea kifuniko cha sufuria.

"Na huyu amekula," alisema. "Nilimchagulia maini."

Nyumba nyingine walimfokea, mmoja akamwita mchawi. Babu alisimama kila mlango mpaka mwenye nyumba amalize, ndipo akasema, "Haya, sasa twende zahanati." Tukawa msafara, watoto migongoni.

Wote walipewa dawa. Mtoto wa jirani alipata homa na kutapika, akalazwa. Sikurudi Geita, friza langu nililiacha kama lilivyo. Kidole cha babu kilianza kunywea, lakini hakukijali tena. Kila asubuhi alitoka mapema kwenda kumjulia hali mtoto, na hata aliporuhusiwa kurudi nyumbani babu aliendelea kwenda. Yule mama aliitikia salamu bila kuinua macho. Babu aliketi kwenye kigoda uani, akamtazama mtoto kwa mbali, akarudi, akashindwa kula. Nikimtania kwamba mume gani huyu asiyekula chakula cha mkewe, alitabasamu upande mmoja.

Asubuhi moja nilimsindikiza. Mtoto alikuwa anatambaa kufukuza kuku. Mama yake alimwinua, akasimama naye kidogo, kisha akaja akamweka mapajani mwa babu. Alichukua ndoo, akaenda kisimani.