Mara Mbili Aliniambia Salama

Mara mbili niliandika "kavu" mbele ya jina la mama mmoja kijana wa Gesima, na mara zote mbili mshono wake ulikuwa unaoza. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu kila nikikaa kitako jambo hili linanijia, na ndiyo maana siku hizi sikai.

Kukaa kwenyewe sijawahi kukuweza. Wauguzi wenzangu katika wadi ya wazazi hunitania, "Wewe utadhani umekanyaga siafu." Mimi ni mtu wa ziwani. Nimefanya kazi Kisii miaka mingi, lakini Ekegusii changu kinaishia kwenye salamu na kuuliza bei ya ndizi pale soko la Daraja Mbili. Na wagonjwa naongea Kiswahili, wananijibu Kiswahili, tunaelewana. Au ndivyo nilivyodhani.

Kazi ya simu nilipewa na mkubwa wetu. Alisema mtu asiyetulia afadhali atembee akiwa na simu sikioni. Mama akijifungua kwa upasuaji, siku ya tatu au ya nne tunamruhusu kwenda nyumbani, mshono safi kabisa, kila mtu anafurahi. Lakini bakteria hawana haraka. Mshono mwingi huharibika mama akiwa tayari kwao, katikati ya majani chai, baada ya wiki moja au zaidi. Akirudi kwetu tunamhesabu. Akienda zahanati ya jirani, au akivumilia tu, hatumwoni. Kwa hiyo tukiulizwa ni mara ngapi vidonda vya wagonjwa wetu huingia bakteria, tulikuwa tunajibu kwa yale tuliyoyaona, na tuliyaona machache. Basi nikapewa daftari na simu ya wadi, nimpigie kila mama baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki mbili. Maswali yalikuwa manne. Una homa? Maumivu yanazidi? Mshono unatoa maji au usaha? Unanuka?

Aa, nilifurahia ile kazi! Kavu, kavu, kavu, ukurasa mzima. Kwenye mkutano mkubwa wetu akasoma matokeo, tukapigiwa makofi, nami nikatabasamu kama bibi harusi. Hata hivyo kuna kitu kilikuwa kinanikera. Siku za soko niliwaona akina mama wenye watoto wachanga wakitembea wameinama, mkono mmoja umeshika chini ya tumbo, na mwendo ule naujua. Siku moja nikamsimamisha mmoja katikati ya mitumba. "Mama, ulijifungulia wapi?" Alinitazama kama mwizi wa watoto, akamkumbatia mwanawe, akapotea kwenye umati. Nikacheka peke yangu, nikanunua ndizi, lakini moyo haukutulia hata kidogo.

Huyu wa Gesima alikuwa mzazi wa mara ya kwanza, mcheshi kweli. Nilipokuwa napita napita kitandani kwake aliniambia, "Sista, kaa basi, unanichosha mimi niliyelala." Mume wake alikuwa akifanya kazi ya ujenzi Nakuru. Mama mkwe alikuwa amefariki, na yeye aliishi kwenye boma la baba mkwe, mzee wa kanisa la Sabato. Hakuwa na simu. Nambari aliyotuachia ilikuwa ya mzee huyo.

Nilipopiga mara ya kwanza, mzee mwenyewe alipokea. Akanisalimu kwa utaratibu, akauliza habari za kazi, za watoto, za mvua ya huko mjini, mpaka nikaanza kukanyagakanyaga chini kwa haraka niliyokuwa nayo. Kisha akampa mkaza mwanawe. Nikamwaga maswali yangu yote manne.

"Mshono unatoa maji?"

"Salama, sista."

"Unanuka?"

"Tunamshukuru Mungu."

Nikaandika kavu. Wiki iliyofuata ikawa vilevile, ila sauti yake ilikuwa imeshuka, na maneno yangu yalikuwa yananirudia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nikasikia mzee akikohoa karibu sana. "Una homa?" "Niko salama tu." Nikaandika kavu, nikapiga nambari nyingine.

Siku tatu baadaye aliletwa mchana, mvua ikinyesha, kwenye gari la jirani. Mke wa jirani huyo ndiye aliyekuwa akija asubuhi kumsaidia kuogesha mtoto. Siku hiyo alimkuta anatetemeka, hawezi kuinuka, leso imegandana na tumbo. Harufu ilitufikia kabla hatujamfunua. Nilipoufungua mshono nikajua kwamba shida haikuishia kwenye ngozi, na kwamba tungekuwa na bahati tukimwokoa yeye mwenyewe, achilia mbali mfuko wa uzazi.

Alinitambua. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nisamehe, sista," akasema. "Nilikudanganya. Baba alikuwa ameketi hapo. Simu yake husikika kwa spika tu."

Jamani! Nilitamani sakafu inimeze. Mimi niliyezaliwa kwa watu ambao kwao mke wa mtu hali chakula mbele ya baba mkwe, mimi ndiye niliyehitaji kuambiwa? Abagusii wanaiita chinsoni, ile heshima na haya kati ya mzee na mke wa mwanawe. Mzee haingii nyumbani kwa mkaza mwanawe. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa fumbo. Na mimi nilikuwa nimesimama Kisii nikipaza sauti kwenye spika, mbele ya mzee wa kanisa, nikimuuliza mkaza mwanawe kama chini ya tumbo lake kunanuka. Mtoto wa watu angejibu nini?

Walimpeleka chumba cha upasuaji. Mimi nilitoka nje na daftari, nikazunguka magari yaliyoegeshwa, nikaanza kuwapigia upya wote niliowaandika kavu. Safari hii swali la kwanza lilikuwa moja, "Uko na nani hapo?" Wa kwanza alikuwa mkavu kweli. Wa pili pia. Wa tatu, mama wa Masimba, akasema, "Ngoja." Nikasikia mlango, nikasikia kuku, nyayo kwenye majani, kisha sauti ndogo, "Unatoa maji ya njano, sista, na mimi naogopa." Nikamwambia aje siku hiyohiyo. Kufikia jioni nilikuwa nimefuta kavu nyingine, na nyingine tena. Mkubwa wetu alipoliona daftari akaguna, "Unatuharibia ripoti." Nikamwambia ripoti iliharibika zamani, mimi nimefungua bandeji tu. Hakupenda. Shauri yake.

Yule wa Gesima walimtoa mfuko wa uzazi. Haukuwa wa kuokolewa. Maabara ilituambia bakteria wale walikuwa wanaichezea tu ile dawa tuliyozoea kutoa, basi akawekewa nyingine, na kwa siku nne hatukujua kama ataishi au atakufa. Siku zile nne sikumbuki kama nilikula. Nilikuwa namaliza zamu na kubaki, nampima homa hata ambapo haikuwa zamu yangu, mpaka wenzangu wakanifukuza. Mmoja wao, tukinywa chai, akatikisa kichwa akasema, "Ndiyo maana wahenga walisema mficha uchi hazai." Nilipiga meza kikombe kikaruka. "Funga mdomo! Ametoka kutolewa kizazi, wewe unamletea methali?" Sikumwomba msamaha, na sijamwomba mpaka leo.

Siku ya tano homa ikashuka. Akanywa uji. Daktari akakaa naye akamweleza walichotoa, na mume wake akaelezwa kwa simu ya wadi, mimi nikiwa nimesimama pale nimeishikilia. Mama alilia bila sauti, akiwa amegeukia ukutani.

Mzee alikuja siku ya saba, amevaa koti la kanisani. Hakuingia wadini. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, akaniita, "Mwanangu, ni wewe uliyekuwa unapiga?"

Nikasema ni mimi, mzee.

Aliizungusha kofia, macho chini. "Mwanangu wa Nakuru ameniambia yote," akasema. "Nilikusikia ukiuliza, siku zile. Mara zote mbili. Nilitaka kuinuka niende zangu. Lakini ningeinuka, angejua nimesikia. Angeona haya sana. Nikakaa, nikajifanya natazama ng'ombe."

Nilikuwa na maneno mengi kifuani wiki nzima, makali, na nusu yake yalikuwa ya huyu mzee. Yote yakaisha. Nilimwona tu amekaa kwenye kiti chake uani, anakodolea macho ng'ombe ambaye hamwoni, na msichana amesimama na simu ile ikipiga kelele zangu, kila mmoja akimlinda mwenzake. Ningesema neno moja, "Mzee, mwachie aende na simu nyumbani kwake," wote wawili wangepumua.

"Usimwambie kwamba najua walichomfanyia," akasema. "Akijua kwamba najua, hataweza kukaa bomani kwangu. Nami nataka akae. Ni mtoto wangu." Akanipa chupa ya uji na nguo za mtoto, akavaa kofia, akaondoka bila kuangalia ndani.

Nilipeleka vile vitu kitandani. Aliitambua chupa.

"Baba amekuja?"

"Amekuja. Ameenda."

Aliushika mkono wangu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikakaa kwenye kile kiti cha kando ya kitanda. Akanitazama machoni.

"Sista, niambie ukweli. Anajua?"

"Hajui," nikasema.

Akashusha pumzi, akaanza kufungua chupa ya uji.