Masikio Yako Kazini

Siku niliyomwonea wivu mdogo wangu waziwazi, nilikuwa nimeketi kiti cha mbele na gauni langu la kanisani, na ukumbi mzima unampigia makofi kwa sababu ya sentensi yangu.

Ilikuwa hapa Kisumu, mwaka jana, kwenye kongamano la Kiswahili. Yeye ni kitinda mimba wetu. Anasoma shahada ya pili ya Kiswahili kule Bondo, na utafiti wake ni juu ya katuni ya gazeti: yule soja mnene mwenye koti refu na rungu, anayelinda geti la tajiri, analala kila siku, na kila siku mbuzi anapita. Katuni yenyewe iliacha kuchapishwa zamani, lakini soja hakuondoka. Kwa kinyozi yuko ukutani, anasinzia huku ananyolewa. Mhubiri akitaka kutukumbusha kukesha, anamtaja yeye. Mtoto akilala darasani anaitwa soja, na wenzake wanaomcheka hawajawahi kuliona gazeti hilo. Nyuma ya tuktuk nyingi za mji huu imeandikwa ile kauli yake: "Nimelala macho tu, masikio yako kazini."

Mdogo wangu aliionyesha kauli hiyo kwenye skrini, herufi kubwa, akaanza kuifungua. Neno "yako," alisema, lina maana mbili. Inaweza kuwa masikio ya soja yapo kazini. Tena inaweza kuwa soja anamwambia tajiri: masikio haya ni yako wewe, umeyaajiri, acha yafanye kazi; macho ni yangu, nimeyalaza. "Kwa neno moja tu, msanii amemgawa mtu kati yake na mwajiri wake." Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee mmoja nyuma yangu, nadhani mwalimu, akasema, "Huyu msichana ana akili."

Mimi nilijua neno lile lina maana moja. Nilisema "yako" kwa sababu sikujua "yapo." Huku kwetu ndivyo tunavyosema: watu wako, vitu viko, masikio yako. Niliacha shule darasa la saba kabla mtu hajanisahihisha.

Baba alikufa, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nikabaki na wawili: mvulana wa darasa la pili na huyu msichana wa chekechea, ambaye hata kupenga kamasi alikuwa bado hajui. Nilichukua karai la mama na nafasi yake sokoni, nikakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishatoa nyama. Wakati huo wateja tuliwafungia kwa magazeti ya zamani. Yalikuja kwa kilo, yakiwa yameshakatwa, na mkato ulipita kwenye ukurasa wa katuni. Visanduku vitatu vilibaki kwangu. Cha nne kilikwenda kumfungia mtu mwingine samaki.

Wakitoka shule waliketi nyuma yangu kwenye kreti. "Soma soja!" Nilisoma kwa sauti nzito ya puani, nikifika kwenye mkato nikanyamaza.

"Halafu?" waliuliza.

Mtoto aliyemzika mama yake juzi huwezi kumwambia kwamba hadithi imekatwa. Kwa hiyo nilitunga, macho yakiwa kwenye karatasi kana kwamba ninasoma. Siku moja tajiri alimkuta soja anakoroma na mbuzi anakula maua, akamuuliza, "Umelala?" Gazeti likaishia hapo. Soja akajibu kwa mdomo wangu. Watoto walicheka mpaka mteja akatuuliza kuna nini.

Kaka yetu, yule mvulana, alikua, akawa mchoraji wa maandishi ya tuktuk. Ndiye wa kwanza kuiandika kauli ile, na soja pembeni yake. Wengine wakaiga, mji ukajua imetoka gazetini. Sikusema neno. Lakini nisiseme kwamba wivu ulianza ukumbini; kwanza nilimwonea soja. Nikiwaambia naweni uso au fanyeni hesabu, hawakusikia. Soja akisema, waliruka. Katika harusi yake kaka alishika maikrofoni, akamshukuru Mungu, halafu akamshukuru soja "aliyetulea kwa kicheko." Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nyuma ya hema nikipakua wali.

Wiki chache baada ya yale makofi, mdogo wangu alinijia sokoni Jumamosi asubuhi, begi limejaa nakala za katuni.

"Dada, msimamizi anataka gazeti lenye ile kauli. Tarehe na ukurasa. Nimepekua maktaba mpaka nimechoka. Unakumbuka ilikuwa lini?"

"Hutalipata."

"Kwa nini?"

"Haikuandikwa. Niliisema mimi."

Akacheka. "Wacha mchezo. Sura nzima ya tasnifu imekaa pale."

"Basi iambie ihame."

Kicheko kikamwisha. "Dada, unanionea wivu?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Tangu ukumbini. Tena sana. Lakini hiyo haifanyi niwe mwongo."

"Mama," akaita mteja wangu mmoja, fundi wa pikipiki, "nyinyi gombaneni, lakini samaki yangu inaungua!"

Niligeuza samaki wake. Halafu nikamwambia mdogo wangu atoe nakala moja, yoyote, afunike kisanduku cha mwisho kwa mkono. Akatoa. Mbuzi amevaa kofia ya soja. Soja amesimama wima. Tajiri anauliza, "Nani analinda hapa?" Nikavuta ile sauti ya puani, ambayo sikuwa nimeitumia kwa miaka mingi.

"Mwulize mwenye kofia, bwana. Mimi leo niko likizo."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Mdogo wangu hakucheka. Aliinua mkono akatazama kisanduku cha nne. Kiliandikwa: "Samahani, bwana." Basi.

"Zote ulizotusomea zilikuwa hivi?"

"Zile zilizokatwa."

"Zote zilikatwa, Dada," akasema polepole. Akakunja nakala zake na kuondoka bila samaki.

Wiki hiyo nzima nilingoja. Nilifikiri nimemwangusha, na sitaficha kwamba kuna saa nilifurahi. Aliporudi alikuwa anang'aa. Msimamizi hakukasirika hata kidogo. Alisema sasa ndipo utafiti umepata pa kusimama: sura ile itahusu wasomaji waliomalizia katuni wenyewe, na kwamba mji unacheka hadi leo kwa kitu kilichotoka kwenye kreti za sokoni. Nikauona wivu ukirudi kama ulivyokuwa. Hata ukweli wangu ulikuwa umempandisha yeye.

Aliniletea fomu ya kukubali kuhojiwa. Juu iliandikwa mtafiti, na jina lake. Chini, mtoa habari, na nafasi ya jina langu. Kwenye kiwango cha elimu niliandika darasa la saba, kwa herufi kubwa. Kisha nikarudi juu.

"Mtoa habari ndiye nani?"

"Wewe. Tunaowahoji wote tunawaita hivyo."

"Habari gani nimetoa?"

"Dada, ni neno tu la fomu."

"Na 'yako' lilikuwa neno tu."

Nilikata "mtoa habari" kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: mtungaji.

"Fomu haikatwi hivyo," akasema. "Msimamizi hataipokea."

"Basi kachapishe nyingine yenye neno langu."

Alinitazama kuona kama nitacheka. Sikucheka. Akaichukua karatasi kwa ncha za vidole, maana ilishapata mafuta, akauliza duka la kuchapisha lililo karibu ni lipi. Nikamwonyesha.