Sekunde Hamsini na Nane kwa Bi Sueko

"Mpaka siku nitakapozikwa, hakuna mwana wa mtu atakayeandikwa juu ya jina langu kwa Bi Sueko."

Maneno hayo Kuramochi Tetsuji aliyasema akiwa na miaka kumi na sita, juu ya jukwaa la sherehe za kiangazi, katika soko lenye paa la Sembayashi, Osaka, mwaka 1984. Kipaza sauti alikuwa amekabidhiwa ili amtangaze mshindi wa tikiti maji. Mshindi wa tikiti maji hakuna anayemkumbuka. Majigambo yanakumbukwa na soko zima, maana kinyozi Uozumi, ambaye kiti chake kinatazamana na jukwaa lile, huyasimulia kwa kila kichwa kinachokaa mbele yake, na mwenye kichwa hawezi kuondoka katikati ya kunyolewa.

Kwa Bi Sueko maana yake ni mgahawa wake wa kahawa uitwao Suzuran, na jina la Tetsuji lilikuwa kwenye karatasi ukutani. Enzi hizo ilikuwapo pale mashine ya gemu iliyojengwa ndani ya meza: unaweka kikombe juu ya kioo, unacheza chini ya kikombe. Kwenye gemu hiyo kulikuwa na Mlinzi wa Moto, yule mzee anayepita mitaani akigonganisha vijiti kuwakumbusha watu wazime majiko. Na kulikuwa na Tanuki, mnyama mwenye tumbo kama ngoma na tabia kama dalali, aliyemwibia kengele yake. Mlinzi anapanda ngazi, Tanuki anakimbia, basi. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ya kuku. Bi Sueko akiuzima umeme jioni, alama zote zinafutika, na kuuzima alikuwa anauzima, kwa sababu umeme haulipwi na mashine, analipa yeye. Ndiyo maana aliandika alama kwenye karatasi, kwa brashi na wino, majina ya ukoo tu kama ilivyo adabu. Wa kwanza, Kuramochi. Wa pili, Nishiwaki.

Miaka ishirini ikapita, karatasi ikageuka rangi ya chai. Nishiwaki Hisao, yule wa pili, alikwenda Kobe akawa mkuu wa idara katika kampuni ya lifti. Kuramochi Tetsuji, yule wa kwanza, alipata kibanda cha kuchonga funguo na kubadilisha visigino, upana wa mikeka miwili ukiibana. Vumbi la shaba lilimwingia kwenye nyusi, kwenye wali, kwenye mikunjo ya shingo. Akisimama juani alimetameta kama sanamu ya hekalu isiyo na wafadhili. Mali yake ya kweli ilikuwa ile karatasi. Kila asubuhi alikunywa kahawa ameikabili, kama wengine wanavyokabili picha ya babu.

Basi mwaka 2004 kampuni iliyotengeneza gemu ile ikaufufua ugomvi wa zamani. Mlinzi na Tanuki wakarudi, safari hii kwenye mashine ndogo ya mkononi inayokunjwa kama kikopo cha poda. Tena haikuwa kupanda ngazi tu. Vilikuwa vyumba sitini na vinne vya mafumbo: utafute ufunguo, uubebe mpaka mlangoni, ukiuweka chini kwa muda unarudi ulikotoka. Tetsuji alipanga foleni siku ya kwanza. Gemu inamhusu mtu anayehangaika na funguo, akaona wazi kwamba imetengenezwa kwa ajili yake.

Bi Sueko akabandika karatasi mpya kando ya ile ya zamani: chumba cha sitini na nne, nani amekimaliza haraka zaidi. Masharti yake yalikuwa rahisi. Unaleta kaseti yako, yeye anaiona kwa macho, anaandika kwa penseli. Jumapili ya mwisho wa mwezi unaileta tena mbele ya watu, anaandika kwa wino. Usipoileta, au isipokuwa na kitu, penseli inafutwa. Tetsuji akaandikwa sekunde sitini na moja, akakaa juu wiki mbili, akanenepa.

Ndipo Hisao akarudi. Mama yake, Bi Yasue, alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, na mwana akaomba likizo ndefu kuja kumwuguza. Alipita mbele ya kibanda amevaa viatu ambavyo visigino vyake havikuwa vimelika hata upande mmoja. Tetsuji alivitazama visigino vile mpaka vikapinda kona. Mtu gani anatembea namna hiyo, asikichoshe kiatu hata kidogo?

Asubuhi ya tatu akaingia Suzuran, akamkuta Hisao amekaa kiti cha dirishani. Kiti cha dirishani. Na mbele yake, kwenye sahani ya mkate na yai inayofuatana na kahawa ya asubuhi, mkate ulikuwa mnene kama kamusi, na yai la kuchemsha si moja, mawili. Tetsuji alikuwa amekunywa kahawa pale miaka ishirini, na mkate wake ulipitisha mwanga.

"Fundi, njoo uone," Bi Sueko akasema. Alikuwa ameshika ile mashine ndogo mbali na uso, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. "Sekunde hamsini na nane."

Akachukua penseli. Juu ya Kuramochi, akaandika Nishiwaki.

"Ndugu yangu Hisao," kinyozi Uozumi akasema kutoka meza ya pili, "kumbe lifti zimekufundisha kupanda."

"Hapana, hapana," Hisao akajibu, akipunga mkono mbele ya pua. "Si mimi. Mimi wapi na wapi. Sijui hata kuiwasha vizuri."

Wote wakacheka kwa kuridhika. Hivyo ndivyo mtu aliyelelewa hujibu akisifiwa. Ukimwambia mwanamke wa Sembayashi kwamba supu yake ni tamu atakwambia ni maji machafu, na ole wako ukubali. Hisao akakana mara ya pili, watu wakazidi kumpenda. Akakana mara ya tatu, Bi Sueko akamwongezea siagi.

Tetsuji alikula mkate wake. Mwizi angalau anakimbia na alichoiba. Huyu amekaa dirishani, anasema si mimi, anapakwa siagi.

Siku tano zilizofuata hakuwa fundi, alikuwa mgonjwa mwenye leseni ya biashara. Alikicheza chumba cha sitini na nne chini ya meza huku wateja wakihesabu mabango ya soko. Chumba kile kina funguo tatu. Mbili zimelala sakafuni. Ya tatu ameishika Tanuki, na Tanuki ukimkimbiza hupanda, ukipanda hushuka, ukishuka hukuchekea kwa tumbo. Sitini na moja. Sitini na tatu. Sitini na moja tena. Kila alipokosea aliviona vile visigino. Akamchongea muuza tofu ufunguo akili ikiwa kwa Tanuki, na mama wa watu akakaa nje ya mlango wake saa nzima na nusu amekumbatia ndoo.

"Fundi, siku hizi unachonga funguo za nyumba gani?" Uozumi akamuuliza. "Maana za hapa haziingii."

"Nyoa vichwa, mzee."

"Nanyoa. Chako tu ndicho nakiogopa, kimejaa Nishiwaki."

Ijumaa mchana, Hisao mwenyewe akasimama mbele ya kibanda. Akatoa kitambaa, akakikunjua, na ndani yake mlikuwa na ile mashine.

"Tetsu, samahani kukusumbua. Kitufe cha juu kulia kimeanza kung'ang'ania. Dukani wanasema wiki mbili. Nikasema kuna fundi hapa mtaani, kwa nini nihangaike?"

"Mashine kama hizi si kazi yangu."

"Umewahi kushindwa na nini wewe? Mimi sikuwahi kukufikia hata siku moja, unajua. Naomba iwe tayari kabla ya Jumapili. Nyumbani inangojewa sana."

Inangojewa sana. Tetsuji akalipokea neno hilo kama mate usoni. Akaitengeneza, na kazi yenyewe haikuwa kubwa: bisibisi ndogo, tone la spiriti, chembe ya biskuti iliyokwama kwenye springi. Alimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Angeweza kuifunga kwenye kitambaa chake hapo hapo.

Badala yake akaiwasha. Kitufe lazima kijaribiwe, alijiambia, na hilo lilikuwa kweli kwa muda wa kama pumzi mbili. Kaseti ina nafasi tatu za wachezaji. Mbili zilikuwa tupu. Ya juu iliandikwa Nishiwaki, na ndani yake vyumba vyote sitini na vinne vilikuwa na nyota ya kumaliza bila kosa, nyota baada ya nyota kama uchochoro wenye taa za sherehe. Tetsuji alikuwa na nyota arobaini na tisa. Huyu anayesema hajui hata kuwasha.

Chini ya skrini palikuwa na neno Futa. Akalichagua. Gemu ikamuuliza kama ana hakika. Tanuki mdogo akatokea pembeni, akatikisa kichwa, maana watengenezaji wana huruma kuliko watu. Tetsuji akabonyeza ndiyo. Gemu ikamuuliza tena. Akabonyeza tena. Kisha akaifunga ndani ya kitambaa, akakikunja vizuri kuliko kilivyokuja.

"Kiasi gani?" Hisao akauliza alipoifuata.

"Achana nayo. Ya urafiki."

Hisao akainama sana, mpaka Tetsuji akaona utosi wake, na upara umeanza pale katikati. Hata hilo halikumpa raha.

Jumapili, Suzuran ilijaa. Tetsuji alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na ameweka mashine yake mwenyewe kaunta mapema. Hisao akaingia anasukuma kiti cha magurudumu, na kitini amekaa Bi Yasue, mama yake, mdogo kama mto uliokaliwa. Tetsuji akamtambua polepole. Alikuwa ndiye mfagiaji wa pale zamani, mama aliyekuwa akipita na ufagio kati ya meza, anasema "miguu, watoto, inueni miguu."

Bi Sueko akafungua mashine ya Nishiwaki. Akabonyeza. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hamna kitu humu," akasema.

Tetsuji alijiandaa kuuona uso wa Hisao ukianguka, alikuwa ameungojea siku mbili. Lakini Hisao hakuitazama kaunta. Aliinama akamtazama mama yake.

"Mama. Imefutika."

"Yote?"

"Yote. Vyumba vyako vyote."

Tetsuji akahisi vumbi la shaba linamwasha mwili mzima.

"Vya nani?" Uozumi akauliza.

"Niliwaambia si mimi," Hisao akasema. "Niliwaambia mara tatu. Daktari alisema tumtafutie kazi ya vidole. Mimi macho yenyewe hayaoni herufi za skrini ile. Anacheza mama tangu asubuhi mpaka saa ya dawa."

Bi Yasue akanyoosha mkono mzima, akapewa mashine. Akaipapasa. Kisha akaangalia ncha ya kidole chake, na kidole kilikuwa kinametameta.

"Ina dhahabu," akasema.

"Tetsu alitengeneza kitufe cha juu, Mama."

"Kitufe cha juu." Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mbona vumbi limejaa kwenye vya chini?"

Alisema hivyo tu. Hakumtazama mtu. Bi Sueko ndiye aliyemtazama mtu.

"Penseli lazima ifutwe," Tetsuji akasema. "Ndiyo masharti."

"Ndiyo masharti," Bi Sueko akakubali. "Fundi, mpe mama mashine yako."

"Yangu?"

"Ina chumba cha sitini na nne au haina?"

Ilikuwa nacho. Bi Yasue akailaza mezani wazi, kama ile meza ya zamani, mkono mgonjwa ukiizuia isiteleze, mkono mzima ukicheza peke yake. Akaokota ufunguo wa kwanza, akaokota wa pili. Halafu akaenda akamsimamisha Mlinzi mbele ya mlango wa chini, akaondoa kidole.

"Mkimbize, mama," Uozumi akanong'ona.

"Mkimbizeni ninyi. Mlimkimbiza miaka miwili humu, mkivunja glasi." Alikuwa anaitazama skrini kwa subira ya mtu anayengoja maji ya wali. "Mlikuwa mkienda chooni mnamwacha Mlinzi amesimama. Mimi nafagia, naona. Tanuki anashuka kumchungulia. Haambiliki, lazima ajue mwenzake anafanya nini."

Tanuki akashuka. Ngazi moja, nyingine, shingo mbele, mpaka akafika ubavuni kwa Mlinzi kumchungulia. Bi Yasue akabonyeza mara moja. Ufunguo, mlango, kengele.

Sekunde hamsini na saba.

Bi Sueko hakutumia penseli. Akachovya brashi, akaandika Nishiwaki, akangoja wino ukauke. Kisha akaibandua karatasi ya 1984, akaikunja mara nne, akampa Tetsuji mkononi kama chenji.

Asubuhi iliyofuata kahawa yake ilikuja bila yai. Hakuuliza. Ya pili ilikuja bila yai na bila mkate, na siku ya tatu alikunywa chai kibandani, kinyozi akimwangalia kwenye kioo bila kusema neno, jambo ambalo Sembayashi halikuwahi kutokea.

Mashine yake ilikuwa imebaki na ile alama. Aliiwasha kila siku kuiona: Kuramochi, chumba cha sitini na nne, sekunde hamsini na saba. Duniani kote ni hapo tu jina lake lilipokuwa juu, na lilikaa juu ya kazi ya mfagiaji. Siku ya kumi akaichomoa kaseti, akaipeleka duka la gemu zilizotumika, vibanda vinane kutoka kwake.

Muuzaji akaijaribu, akainua nyusi.

"Hamsini na saba? Fundi, kumbe wewe ni hatari."

"Hapana," Tetsuji akasema. "Si mimi."

"Ah, bwana, acha unyenyekevu," muuzaji akacheka, akainama.

Kaseti iko kwenye kabati la kioo, safu ya pili kutoka chini. Yen mia tisa na themanini.