Pistoni Yangu Katika Mashine ya Baba

Mama husema hata malaika akinijia nitamwomba kitambulisho. Sikatai. Mimi ni mtu wa kushuku, na mwaka ule nilikuwa na sababu.

Nilikuwa nasomea uhandisi, na utafiti wangu wote ulikuwa kipande kimoja cha alumini: pistoni ya kompresa, mashine ya kushindilia hewa, niliyoichora mwenyewe, fupi, nyepesi, ringi zake zimesogezwa juu ili hewa isibaki bure ndani ya silinda. Msimamizi wangu chuoni alitaka niijaribu kwenye mashine inayofanya kazi kila siku. Ikishindwa, alisema, nianze upya. Mashine ya namna hiyo nilijua moja tu, ya baba. Baba ni fundi wa kupaka magari rangi, na karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, Dandora, karibu na jalala kubwa linalofuka moshi kila siku.

Aliishika pistoni, akaigeuza, akaguna. "Mbona fupi hivi? Hii ni ya kuchezea watoto?" Lakini aliniacha niifunge. Nikamwonya asiiguse: ikikwaruzwa tu, masomo yangu yamekwisha.

Mwanzoni tangi la hewa lilijaa upesi, nikaringa. Kisha nikija wikendi kupima, nakuta mshale wa geji, kipimo cha hewa, unapanda kwa uvivu. Wikendi iliyofuata, uvivu zaidi. Baba anapaka mlango wa gari, rangi inatematema, anasimama kungoja hewa. Wala halalamiki. Baba yangu, ambaye hulalamikia hata chumvi! Nawajua mafundi wa mtaa wetu: ukiwaletea kitu kipya watakusifu, ukienda zako wanarudisha cha zamani. Niliamini kabisa kwamba ametoa pistoni yangu na kurudisha yake.

Hata ndani ya nyumba hapakuwa shwari. Soksi ndefu za mama, zile nyepesi za kuvalia kanisani, zilikuwa zinapotea kwenye kamba. "Kuna mtu anavalishwa soksi zangu," mama alisema, macho kwa baba. Baba akakazana na chai yake. Nikaona basi, mzee ana mambo.

Jumapili nikasingizia tumbo. Walipokwenda kanisani nikachukua spana, nikaifungua mashine yote. Chini ya pistoni yangu nilikuwa nimegonga alama ndogo ya siri. Alama ilikuwepo. Pistoni ilikuwa yangu, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Kama baba hakuibadilisha, basi mbovu ni mchoro wangu.

Kilibaki kifuniko cha kichujio, pale mashine inapovutia hewa. Nilikifungua kwa kukata tamaa tu. Ndani mlikuwa na soksi za mama, tabaka juu ya tabaka, zimeshiba masizi ya jalala mpaka hazipitishi kitu. Mashine ilikuwa inanyimwa pumzi.

Mafundi rangi huchuja kila kitu kwa soksi. Rangi haiingii kwenye bunduki ya kupulizia kabla haijachujwa, chembe moja isije ikaharibu kazi. Baba alikuwa ameichuja hewa.

Waliporudi kanisani wakanikuta hivyo hivyo, soksi mkononi, mafuta mpaka viwikoni.

"Moshi wa jalala ungeikwaruza," baba alisema kabla sijamuuliza. "Si wewe ulisema ikikwaruzwa masomo yamekwisha? Kila nikiona tangi linachelewa, naona vumbi limepenya, naongeza soksi."

Mama alikaa juu ya ndoo ya rangi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Afadhali! Mimi nilishaanza kuangalia miguu ya wanawake wa kwaya."

Baba hakucheka. Alikuwa anaitazama mashine iliyosambaa chini. "Na wewe, huko ndani ulikuwa unatafuta nini?"

Ningeweza kudanganya. "Pistoni yako ya zamani, baba."

Baba akainama, akaokota spana, akanipa.

"Ile nilimuuzia mtu wa vyuma chakavu siku ile ile ulipofunga yako. Haya, rudishia mashine, kesho nina kazi."