Wazee Husema Hawajambo, Luisa Huangalia Picha

Saa mbili asubuhi, baridi ya Julai inauma vidole, na Mzee Tarsisi Ndunguru amekaa wima kwenye benchi la hospitali moja ya misheni, milimani Mbinga. Amekuja kwa bodaboda kutoka kijijini Mapera. Ametoka kupigwa picha ya kifua, na majibu bado.

"Shikamoo mzee. Mnaendeleaje?" anauliza daktari kijana.

"Marahaba, mwanangu. Sijambo. Kifua kidogo tu."

Kipimo cha hewa kinachobanwa kidoleni hakisomi kitu. Mashine ya oksijeni iliyobaki ni moja, na wodini kuna kijana mwenye nimonia ya virusi anayelalamika tangu jana; ndiye aliyepangiwa. Daktari anaanza kumwandikia mzee dawa za kwenda nazo nyumbani.

Luisa Kapinga, mtaalamu wa mionzi mwenye miaka hamsini na minne, anatoka chumbani kwake na picha mkononi.

"Huyu harudi nyumbani," anasema.

Mara mbili ameitwa ofisini akaambiwa kazi yake ni kupiga picha, si kutibu. Aliitikia kwa heshima zote, akarudi kufanya yaleyale.

Kila pafu pichani hulikata mafungu matatu, na kila fungu hulipa alama sifuri hadi tatu kadiri ugonjwa ulivyotanda. Picha ya Mzee Tarsisi ina kumi na nne kati ya kumi na nane. Ya yule kijana ilikuwa na nne.

"Alama peke yake haitoshi," anasema. "Lakini mwenye alama hizi utamruhusu vipi kabla hujajua kiwango cha hewa yake?"

Anajua anachokipigania. "Mzee wa Kimatengo hamwambii mtoto kwamba anaumwa. Atakuitikia vizuri, atakuulizia na wanao, huku anakufa. Baba yangu aliniitikia hivyo mwaka 2021. Mimi, mtu wa picha, nikamwamini, sikumleta hata kupimwa. Siku ya tatu tulimzika."

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Luisa hangoji kifo, anaumbua mwenyewe.

Analeta beseni la maji ya uvuguvugu, anaitumbukiza mikono ya mzee. Vidole vinapopata moto, kipimo kinasoma: asilimia sabini na nane. Kijana wa wodini ana tisini na tano. Daktari anachana karatasi ya dawa na kuagiza machela. Mashine inakwenda kwa mzee.

Mchana, Mzee Tarsisi amefika tisini na mbili na amelala usingizi.

Sasa Luisa anataka utaratibu wake uandikwe na kubandikwa mlangoni. Barua tatu kwa uongozi wa hospitali hazijajibiwa. Ya nne ipo mezani. Amesikia pia kwamba huenda akahamishiwa zahanati ya ufukweni, Ziwa Nyasa.

"Wanihamishe," anasema. "Manesi watano hapa wanajua kuhesabu alama, nimewafundisha mwenyewe. Huko ziwani hakuna eksirei, lakini wazee wanaosema hawajambo wapo."