Driver iliunganika vizuri, nikamlilia mdogo wangu akiwa hai

Wakuu, salamu kwenu wote. Hapa siongezi chumvi, mama yangu iko pembeni, nikidanganya atanisuta. Mi ni mutu ya Fizi, Kiswahili changu mkivumilie.

Wakati wa vita mi na mama tulifika Dzaleka, kambi ya bakimbizi karibu na Lilongwe. Mdogo wangu Bahati tulipotezana naye tukikimbia Uvira.

Nilikuwa nimesoma informatique, mambo ya kompyuta, kidogo Bukavu, basi ofisi moja Lilongwe ikanipa kazi: programu ya kutafuta majina ya bakimbizi.

Database, orodha yenyewe ya majina, ilikuwa kwenye kompyuta ya sekretari. Kila wiki diskette inatoka Karonga, mpakani, na majina mapya, yeye anaingiza. Ili programu yangu isome, lazima driver ikae katikati kama mkalimani. Nikijaribu, driver nikaielekeza kwenye kopi ya siku ile iliyo kwenye kompyuta yangu, isiyopata majina mapya.

Ikaunganika, hakuna error. Nikashangilia, nikasahau kuielekeza kwa sekretari. Mjinga kabisa!

Kila wiki namtafuta Bahati, hakuna. Bantu wengine banakuja na majina ya batoto babo, nabaambia hayuko.

Ikapita miezi minane. Mama akasema, "We njo msomi wa nyumba. Niambie ukweli."

Kwetu matanga hayawekwi mpaka mwanaume wa nyumba aseme mtu amekufa. Mwanaume ni mi. Nikasema Bahati amekufa. Kanisa likaja, tukalala nje siku tatu, mama akanyoa nywele.

Wiki iliyofuata sekretari ananiuliza, "Achimwene, kaka yangu, majina ninayoingiza mbona kwako hayaonekani?"

Nikafungua settings, nikabadilisha mstari mmoja tu. Nikaandika Bahati.

Akatokea palepale. Karonga, miezi sita nyuma. Pembeni wameandika: anasubiri mama na kaka.

Nikapanda basi mpaka Karonga. Watu ya ofisi ya pale wakaniambia alichoka kungoja, ameshaondoka na wenzake kuelekea Durban, Afrika Kusini, kufanya ufundi wa viatu.

Mama sikumficha. Hakulia. Akauliza tu, "Sasa miezi yote ile ulikuwa unamuuliza nani?"



Vijana mnaoandika programu, msifurahie "imeunganika". Angalieni imeunganika na nini. Wale bantu niliobaambia hayuko, si bote nilibapata tena, na hiyo inanikera mpaka kesho.

Toeni maoni, hata matusi nitapokea. Ila kama uko Durban na unamjua Bahati wa Fizi, fundi viatu, mwambie mama hakumwacha. Ni mimi.